Pesa ya mizani haina miaka mia saba

Kila nyumba Unguja inapovunjwa au kijaluba cha bibi kinapofunguliwa, hutoka kisarafu cha shaba chenye picha ya mizani upande mmoja na tarakimu ١٢٩٩. Hapo maneno huanza: "Hii ya mwaka 1299, ya kabla ya Mreno!"

Siyo. Hiyo 1299 ni ya Hijria, nayo inaangukia 1882 Miladia, enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Geuza ukione upande wa pili: jina lake limo kwa Kiarabu. Nyingine zimeandikwa ١٣٠٤ (1304), yaani 1887 hivi.

Kujumlisha 1299 na 622, mwaka wa Miladia ambao Hijria ilianza, peke yake hakutakufikisha popote, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 tu. Zidisha 1299 kwa 0.97, kisha ongeza 622. Unapata 1882.

Nazo ni nyingi. Zilikuwa chenji ya sokoni, ndiyo maana bei yake si ya kutisha. Ila usiisugue kwa ndimu na majivu ing'ae. Wakusanyaji huitaka na weusi wake.