Tunavyowafundisha watoto wa Lamu kumsoma punda

Kila ninapoingia darasani hapa Lamu na kuwauliza watoto wanajua nini kuhusu punda, jibu la kwanza huwa lile lile, tena kwa sauti moja: "Shukrani ya punda ni mateke!" Nimelisikia Langoni, nimelisikia Shela, nimelisikia Matondoni. Zamani nilikuwa nikilipita haraka ili niingie kwenye somo nililoliandaa. Siku hizi ndilo somo lenyewe. Nani amewahi kupigwa teke? Mikono huinuka. Ulikuwa umesimama wapi? Nyuma. Na yeye alikuwa akifanya nini? Anakula, au ana mzigo, au kuna mtu amemshika mkia. Hapo huanza kunong'onezana wao kwa wao, maana wameshaona kwamba punda yule alishtuliwa na kitu asichokiona, au aliguswa penye kidonda.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa miaka kadhaa sasa nusu ya kazi yangu ni kutibu punda, nusu ni kwenda shuleni. Naandika haya kwa walimu na wazazi kwa sababu wengi wanaotaka kuwafundisha watoto kuwahurumia wanyama huanza pale pale nilipoanza mimi, na pale si pazuri.

Nilianza na picha. Vidonda vya mgongoni, mguu uliokatwa na kamba ya nailoni, punda aliyeanguka chini ya mawe. Darasa lilinyamaza kimya, wawili wakalia, nami nikadhani somo limeingia. Wiki iliyofuata mwalimu akaniambia kuna mtoto hataki tena kuja shule. Baba yake huchukua mawe kwa punda kutoka gatini, na wenzake walikuwa wakimwita mwana wa mkatili. Sikupata usingizi usiku ule. Punda wale ndio waliomlisha mtoto na kumnunulia sare, na mimi nilikuwa nimemfundisha kuwaonea haya.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Baba alinikaribisha, akanionyesha punda wake wawili, akanieleza mambo yao ambayo mimi daktari nisingeyajua: yupi hatangulii mbele ya mwenzake, yupi hagusi majani asipomwona mwenzake karibu. Hili la pili lina uzito mkubwa kitabibu. Punda hushikamana wawili wawili, na ukiwatenganisha, mmoja anaweza kuacha kula. Punda asiyekula kwa siku chache tu, mafuta ya mwilini mwake huanza kumiminika kwenye damu, ini likashindwa, akafa kwa jambo lililoanza kama huzuni. Ndiyo maana mgonjwa akiletwa kwetu, twamwomba mwenyewe amlete na mwenzake, hata kama mwenzake ni mzima. Basi nilimwomba baba yule aje darasani awaeleze watoto yeye mwenyewe. Alikuja na punda wote wawili. Mwanawe alikaa mstari wa mbele.

Tangu hapo hatuanzi na picha wala na kulaumu. Tunatoka nje, tunasimama hatua tano kutoka kwa punda, na kwa dakika kumi hakuna anayemgusa wala kusema. Watazame tu. Dakika kumi ni nyingi kwa mtoto wa miaka tisa, na mwanzoni walimu huniambia hawataweza. Wanaweza. Kisha kila mmoja aseme alichokiona, bila kusema anachodhani. Mmoja aliona nzi wengi kwenye mguu mmoja kuliko mingine. Tulipotazama, palikuwa na mchubuko wa kamba chini ya manyoya. Mwingine, msichana mdogo aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alinivuta shati: "Ami, huyu ataka mai." Alijuaje kwamba ataka maji? "Alamba ukuta."

Nililolichelewa kulielewa ni kwamba huruma haina pa kushika mpaka jicho lijue kuona, na kwa punda kuna sababu ya pekee. Asili yake ni nyika kavu za Afrika, alikoanza kufugwa miaka 7,000 hivi iliyopita. Mnyama wa nyika anayeonyesha kwamba anaumia humwita simba. Kwa hiyo punda huficha maumivu. Halii na hachechemei mpaka yamzidi; husimama tu, kichwa chini kidogo, masikio yamelegea, hamfuati mwenzake. Mtu apitaye atasema punda huyu mtulivu. Na lile tunaloliita ukaidi, kusimama katikati ya kichochoro asisogee hata kwa fimbo, ndivyo alivyoumbwa: farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama akapima. Ukimpiga wakati ule unampa sababu ya pili ya kuogopa. Watoto hulipenda sana jambo hili. Nadhani ni kwa kuwa nao huitwa punda darasani wanaposhindwa kujibu, na wengi wao walikuwa wamenyamaza kwa woga.

Somo la mzigo nalo lina methali yake: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Namweka mtoto kijiwe kimoja chini ya kamba ya mkoba wake, azunguke uwanja mara tatu. Akirudi anajua mwenyewe kwa nini chini ya shogi, ule mfuko wa pande mbili anaotwikwa punda mgongoni, lazima pawe na tandiko nene lisilo na mshono mgumu, na kwa nini pande mbili za shogi zilingane. Baadaye tunahesabu. Mwongozo tunaoufuata ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda. Punda wa kilo 150, mfuko wa saruji kilo 50. Mingapi? Mmoja. Darasa zima hugeuka kutazama dirishani, kwa sababu nje wamezoea kuona miwili.

Hapo huwa nasema nao kwa uangalifu. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumtwika mnyama kupita kiasi na kumpiga kikatili, nami nawatajia. Lakini mtoto wa miaka kumi hawezi kumzuia mjomba wake mbele ya mteja, na si haki kumbebesha jukumu hilo. Nampa lililo mkononi mwake. Ndoo ya maji mlangoni jua likipanda, kwa sababu punda wa kazi huhitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku. Kufungua fundo la kamba mguuni na kuweka kitambaa kipana. Kumwaga maganda ya maembe bila mfuko: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini pakiti na kamba za nailoni bado zimejaa majaani, na punda anayezurura usiku huzila pamoja na maganda, zikamziba tumbo. Na akimwona mgonjwa, akimbie kumwambia mkubwa ampeleke kwenye kliniki ya punda iliyoko hapa mjini tangu 1987, ambako hatatozwa chochote.

Walimu wa chuo, yaani madrasa, wamenisaidia kuliko nilivyotarajia. Watoto wetu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na katika mji wenye paka kila baraza hadithi ile haihitaji ufafanuzi. Wachache tu walikuwa wamegundua kwamba punda ametajwa kwa jina katika Surat An-Nahl, pamoja na farasi na nyumbu, miongoni mwa neema.

Kuhusu mbwa nasema machache, ila nayarudia kila mara, hasa upande wa bara, Mokowe na kwingineko. Usimkimbie, usimsumbue akila au akinyonyesha. Akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, hata kama mbwa ni wa jirani na hata kama unaogopa kugombezwa. Watoto wengi huficha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mwalimu anayetaka kulifanya somo hili mwenyewe hanihitaji sana mimi. Mtafute mwenye punda siku mbili kabla, umwombe kwa heshima aje kama mgeni wa darasa, umlipe muda wake, maana saa moja kwako ni safari mbili za mchanga kwake. Punda waje wawili wanaojuana. Iwe saa mbili asubuhi, chini ya mti, watoto wasizidi kumi na watano. Na ndoo iwe imejaa kabla hawajafika, wanywe kwanza watoto wakitazama.