Kununua nyumba Dubai hakukupi pasipoti ya Emirates

Kuna hii stori inazunguka sana kwamba ukinunua nyumba Dubai ya dirham milioni 2 basi umeshakuwa raia wa kule. Hapana jamani. Unachopata ni goldeni viza, yaani kibali cha kuishi miaka 10, unaweza kukirenyu ukiendelea kukidhi masharti, na familia unaingia nayo. Basi. Muombe mtu anayeishi kule akuonyeshe kitambulisho chake, hata kama ana hiyo goldeni viza, utakuta kwenye sehemu ya uraia kimeandikwa Tanzania au Kenya kama kawaida.

Nafikiri watu walichanganya na ile ya 2021, Emirates walipobadilisha sheria wakasema wawekezaji, madaktari, wanasayansi na wengine wenye vipaji wanaweza kupewa uraia, ila hapo hujazi fomu wewe, unapendekezwa na ofisi za watawala wenyewe, sasa dalali wa nyumba anakuahidije hicho kitu?

Nchi zinazouza uraia moja kwa moja zipo, mfano Saint Kitts na Nevis kule Karibi wameanza tangu 1984. Malta nao walikuwa wanauza mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ikawakatalia Aprili 2025.

Na wabongo wenzangu, Mkenya anaruhusiwa uraia pacha tangu katiba ya 2010, wewe mtu mzima ukichukua wa nje kwa hiari yako, wa Tanzania unaupoteza.