Mwani wa barafu ni nini?

Mtajie mtu wa Paje au Jambiani, huko Unguja, neno mwani, atawaza kamba na vigingi, akina mama wameshuka pwani maji yakiwa yamekupwa, na magunia yanayosubiri mnunuzi. Mwani wa barafu hauna kamba wala majani. Ni viumbe vya chembe mojamoja, vingi vikiwa diatomu, yaani vijimea vyenye ganda kama kioo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, vinavyoota ndani ya barafu ya bahari na upande wake wa chini huko Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini ya dunia. Chembe moja huioni kwa macho. Zikijaa mamilioni ndipo unaona doa la kahawia, kama vile mtu amemwaga chai ya rangi juu ya barafu.

Picha za Aktiki zimetuzoesha kumwona dubu mweupe amesimama juu ya barafu, na nyuma yake weupe mtupu. Mtu akiitazama picha hiyo anaona jangwa, na barafu anaiona sakafu tu ya dubu kutembelea. Nadhani mpiga picha alisimama upande usio wenyewe. Chakula kiko chini ya miguu ya dubu huyo, kwenye shamba lililopinduliwa: udongo wake ni barafu, na mimea inaning'inia kichwa chini ikielekea kilindini.

Barafu ya kwenye friji ni ngumu na imeshikana, kwa hiyo si rahisi kuwaza kitu kikiishi ndani yake. Ya baharini iko tofauti. Maji ya bahari huganda yakifika kama nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na yanapoganda, chumvi haikubaliwi ndani ya fuwele za barafu. Inasukumwa pembeni, inakusanyika na maji kidogo yaliyobaki, na kutengeneza vijia vyembamba vinavyopenya barafu nzima kama matundu ya mkate wa kumimina. Humo ndimo diatomu wanamokaa. Si makazi ya raha: baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, maji ya kwenye vijia huwa na chumvi kama mara nne ya ile ya bahari ya kawaida. Diatomu hujikinga kwa kutoa ute, na baadhi yao hutengeneza protini zinazozuia fuwele za barafu kukua na kuwabana.

Kinachowasumbua zaidi ni mwanga. Majira ya baridi jua halichomozi kabisa kwa miezi. Likirudi, linakuta barafu imefunikwa na theluji, na theluji mpya hurudisha angani kama 80% ya mwanga unaoipiga. Kwa hiyo anayetaka kujua mwani utaota wapi, aulize kwanza theluji ina kina gani, halafu ndiyo aulize unene wa barafu. Mwani huu huridhika na kidogo mno, chini ya 1% ya mwanga ulioko juu. Kati ya Septemba 2019 na Oktoba 2020, meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, iliachwa makusudi igande kwenye barafu na kuelea nayo. Watafiti wa safari hiyo, iliyoitwa MOSAiC, waliona ukuaji wa viumbe hivi ukianza tena mwishoni mwa Machi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia.

Kuupima mwani wenyewe ni kazi ya mikono. Mtafiti husimama juu ya barafu na keekee ndefu yenye bomba wazi katikati, anatoboa hadi maji, kisha anachomoa mche wa barafu mrefu kama mkono. Mche karibu wote ni mweupe au wa kijivu. Sentimita chache za mwisho, zile zilizokuwa zikigusa bahari, ndizo za kahawia. Kipande hicho hukatwa kwa msumeno na kuwekwa gizani kiyeyuke polepole, na mara nyingi huongezewa maji ya bahari yaliyochujwa. Bila hayo, barafu inayoyeyuka hutoa maji yasiyo na chumvi ya kutosha, na chembe zilizozoea chumvi kali hufyonza maji hadi zikapasuka. Mpimaji atabaki anahesabu maganda.

Sasa, nani anakula? Wa kwanza ni kopepodi, hasa Calanus glacialis, mdudu wa baharini mdogo kuliko punje ya mchele. Wakati wa baridi hujificha kilindini akiishi kwa mafuta yake, ambayo yanaweza kuzidi nusu ya uzito wake mkavu. Anapopanda juu, bahari bado imefunikwa, na fitoplanktoni, yaani vijimea vinavyoelea majini, havijapata mwanga wa kukua. Kilichopo ni mwani wa barafu tu. Mwaka 2007, katika ghuba ya Rijpfjorden kaskazini mwa Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, watafiti waliufuatilia mpango huu hatua kwa hatua. Mwani wa barafu ulifika kilele mwishoni mwa Aprili. Fitoplanktoni zikafika kilele mwanzoni mwa Julai, barafu ilipoachia. Majike walikula ule wa kwanza wakapata nguvu ya kutaga. Watoto wao wakakua na kuzikuta hizo za pili. Milo miwili, vizazi viwili, na katikati miezi miwili hivi.

Miezi hiyo miwili ndiyo inayowatia watafiti wasiwasi. Tarehe ya jua kurudi haibadiliki, ila tarehe ya barafu kuachia inabadilika. Septemba 2012 barafu ya Aktiki ilipungua hadi kama kilomita za mraba milioni 3.4, wakati mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikibaki karibu milioni 7. Barafu ikivunjika mapema, fitoplanktoni hukua mapema, na watoto wa kopepodi wakifikia umri wa kula wanakuta karamu imekwisha. Hata hivyo hesabu haiendi upande mmoja. Mwaka 2011, katika Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, watafiti wa Marekani walikuta fitoplanktoni zimejaa tele chini ya barafu ambayo haijaachia bado, kwa kuwa ilikuwa nyembamba na madimbwi ya maji juu yake yalipitisha mwanga kama madirisha. Anayesema barafu ikipungua uhai wote utapungua anasema haraka mno. Na anayesema mwanga ukiongezeka chakula kitaongezeka hajauliza kitafika saa ngapi.

Kopepodi huliwa na Boreogadus saida, samaki mdogo mwenye protini damuni za kumzuia asigande. Samaki huyo huliwa na sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha, na sili huliwa na dubu. Mnyororo huu si wa kukisia. Baadhi ya diatomu wa barafu hutengeneza mafuta ya aina ya pekee, yanayobaki mwilini mwa anayewala na kupita hadi kwa anayemla huyo. Watafiti walipoyatafuta katika maini ya dubu wa Aktiki ya Kanada, walikadiria kuwa kaboni inayotokana na mwani wa barafu ilikuwa wastani wa 86%. Yaani yule dubu wa kwenye picha amesimama juu ya shamba lake.

Mwani usioliwa huzama. Kuna diatomu aitwaye Melosira arctica anayefuma nyuzi ndefu zinazoning'inia chini ya barafu kama mapazia. Mwaka 2012, ilipokuwa barafu inayeyuka kwa kasi, Polarstern ilishusha kamera zaidi ya mita 3,500 katikati ya Bahari ya Aktiki na kukuta mabonge ya Melosira yametapakaa sakafuni. Majongoo bahari yalikuwa yameyazunguka yakila, pamoja na jamaa wa kiti cha pweza. Mabonge mengine yalipopandishwa juu na kuwekwa kwenye mwanga, yalikuwa bado mabichi na yanaendelea kujitengenezea chakula.