Syokimau: Stesheni Mbili za Treni na Namna ya Kuzitumia

Ukimwambia mtu wa bodaboda "nipeleke Syokimau kwenye treni," anaweza kukufikisha pahali pawili tofauti. Anayekwenda kazini Nairobi huenda akapoteza dakika chache tu akirekebisha njia. Anayesafiri kwenda Mombasa, na tiketi yake ina saa maalumu, anaweza kuachwa. Ndiyo maana tunaanza na jambo hili kabla ya historia.

Stesheni ya Syokimau yenyewe ni ile iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012. Hapo ndipo treni za abiria wa mjini huanzia safari ya kwenda Stesheni Kuu ya Nairobi. Pahali pa pili ni Nairobi Terminus, jengo kubwa la SGR, reli mpya ya kwenda Mombasa, linalotumika tangu treni yake ya abiria, Madaraka Express, ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Zote mbili ziko Syokimau, kaunti ya Machakos, na zote ni za Shirika la Reli la Kenya. Lakini hazimo katika kiwanja kimoja, na treni ya upande mmoja haiwezi kukanyaga reli ya upande wa pili.

Sababu yake ina zaidi ya miaka mia moja. Reli ya kwanza ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 kuelekea Ziwa Victoria. Upana kati ya chuma na chuma ulikuwa mita moja, upana uliokuwa ukitumika kwenye njia nyingi za India, walikotoka mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 walioijenga. Wengi wao walirudi kwao baadaye. Mwishoni mwa Mei 1899 reli ilivuka nyanda za Athi ikafika kwenye tambarare yenye majimaji ambako wajenzi walipiga kambi na kuweka ghala lao. Kambi hiyo ndiyo iliyokua ikawa jiji la Nairobi. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu.

Wazee wa Ukambani wana simulizi yao kuhusu reli hiyo. Husimulia habari za Syokimau, mwanamke mwaguzi aliyeona nyoka mrefu akitoka kwenye maji upande mmoja na kwenda kwenye maji upande mwingine, na ndani yake watu wa rangi ngeni. Kituo kinabeba jina lake. Kwa maoni yangu, hakuna stesheni nyingine nchini yenye jina linaloistahili hivi, na ingefaa watoto wanaopanda treni hapo wasimuliwe habari zake.

Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja treni zilipita jirani tu, zikienda na kutoka Athi River. Kilichobadilisha mambo ni watu. Mlolongo, Katani, Kitengela na Athi River zilijaa nyumba za wafanyakazi wa Nairobi, na Barabara ya Mombasa ikashindwa kuwabeba. Serikali ikajenga tawi fupi la reli na stesheni mpya, ya kwanza tangu uhuru kama ilivyotangazwa siku ya ufunguzi. Kutoka hapo hadi katikati ya jiji ni takriban kilomita 16, na treni husimama Imara Daima na Makadara.

Watu wengi husifu jengo. Mimi ningesifu zaidi uwanja wa kuegesha magari. Stesheni ya pembezoni mwa mji isiyo na pa kuacha gari wala pa kushukia matatu huwafaa majirani zake tu. Syokimau ilipangwa tangu mwanzo ili mtu wa Kitengela aendeshe gari mpaka hapo, aliache, na amalize safari kwa treni. Barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa Mei 2022, inampunguzia muda mwenye gari na pesa ya kulipia. Mwenye mshahara mdogo bado anahitaji treni, na anastahili treni nzuri.

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kwa nini treni hazipiti kutwa nzima kama matatu. Jibu liko ardhini. Sehemu kubwa ya reli ya zamani ni njia moja: treni inayokwenda na inayorudi hutumia chuma kilekile. Dereva haruhusiwi kuingia kipande cha njia mpaka apewe idhini kwamba hakuna mwingine ndani yake. Treni mbili hupishana tu palipo na njia ya pembeni, kwa kawaida stesheni. Ongeza hapo treni za mizigo, na sehemu ambako barabara hukatiza reli. Kwa hiyo safari nyingi hupangwa asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka. Treni moja ikichelewa dakika kumi, ile inayoisubiri upande wa pili nayo huchelewa, hata kama yenyewe haina kasoro yoyote.

Aina ya treni nayo ina uzito wake. Treni inayovutwa na kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, ikifika mwisho wa safari, kichwa hufunguliwa, huzungushwa kwa njia ya pembeni na kufungwa tena upande wa pili. Zile ziitwazo DMU zina injini ndani ya mabehewa na chumba cha dereva kila mwisho. Dereva huhamia upande wa pili na kuondoka. Novemba 2020 Kenya ilizindua huduma ya treni za aina hiyo zilizonunuliwa zikiwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Mallorca nako reli ni ya upana wa mita moja, hivyo treni hizo ziliifaa reli yetu.

SGR ilijengwa kwa upana wa milimita 1,435. Ndiyo sababu Madaraka Express haifiki katikati ya jiji kwa reli ya zamani, na abiria lazima abadilishe treni. Kuna treni ya kuunganisha inayotumia reli ya zamani kati ya Stesheni Kuu na Nairobi Terminus, ikipangwa kufuata saa za Madaraka Express. Ukiikosa, hesabu foleni ya Barabara ya Mombasa ndani ya muda wako.

Tiketi ya Madaraka Express hukatwa mtandaoni au kwa simu kupitia *639#, na hulipiwa kwa M-Pesa. Kata mapema, hasa karibu na Pasaka, Krismasi na kufungwa kwa shule. Beba kitambulisho kilekile ulichotumia kukata tiketi. Fika angalau saa moja kabla, maana mizigo hukaguliwa kwa mashine na kwa mbwa, na lango hufungwa kabla treni haijaondoka. Kwa treni ya mjini tiketi ni ya papo hapo na taratibu ni nyepesi. Nauli na ratiba hubadilika, kwa hiyo thibitisha dirishani au kwenye kurasa rasmi za Shirika.

Nina ombi moja kwa wanaoishi kando ya reli. Treni yenye mabehewa kamili, hata ikifungwa breki zote, huhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama. Dereva akikuona mbele yake mara nyingi hana la kufanya ila kupiga honi. DMU haina mngurumo mkubwa wa treni za zamani, na mwenye visikizi masikioni anaweza asiisikie kabisa. Vuka palipowekwa kivuko, angalia pande zote mbili, na usining'inie mlangoni hata behewa likijaa. Mtoto anayepita relini kwenda shule afundishwe haya kabla ya kuachwa apite peke yake.