Kamera za mkanda zinazofokasi zenyewe: mnayoambiwa na yalivyo

Jamani, kila nikipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Amu (Lamu), na kamera yangu shingoni lazima mtu anisimamishe, na maneno ni yale yale: ati hiyo ya plastiki ni ya watoto, ati mkanda (filamu) ulishakufa, ati kama unataka picha za kweli tafuta ile ya chuma ya kuzungusha lenzi kwa mkono. Mwaka wa nne huu napiga na hizi kamera za bei rahisi hapa Amu, zinazofokasi zenyewe, yaani zinaitafutia lenzi umbali picha isitoke ukungu, nazipenda sana, na yananiuma watu wakiziacha kwa mambo ya kuambiwa tu, basi nimeyaandika hapa nisirudie kila siku.

Ati plastiki rahisi, picha rahisi

Hili ndilo kubwa, manake watu wanaangalia ganda. Kamera ya mkanda haina sensa ndani, picha inatoka kwa lenzi na mkanda, mwili wenyewe ni sanduku la kuzuia mwanga lenye shata (pazia linalofunguka mwanga uingie) na mita ya kupimia mwanga. Yangu ni Canon EOS 300 ya 1999, nilimpa mtu aliyekuwa anahama shilingi 3,500, na inashika lenzi za EF (jina la aina ya mshiko) zile zile ambazo Canon walianza kuzitoa 1987. Kwa hiyo ile lenzi ya 50mm f/1.8 ya rafiki yangu anayepiga dijitali naiazima, naipachika, inafokasi papo hapo. Za EF-S na RF, aina nyingine za Canon, haziingii, usikubali kuuziwa. Ukiweka mkanda wa Kodak Gold 200 kwangu na nyingine kwenye kamera ya bei mbaya, lenzi ile ile, mita zikisoma sawa, ukiziangalia picha hutajua ipi imetoka wapi. Ile ya bei itakupa kioo cheupe zaidi cha kuchungulia, kasi, na uvumilivu wa kuanguka, hayo ni kweli na kama ndiyo kazi yako lipa.

Na hiyo plastiki yangu ina jambo moja nalipenda sana, ukitia mkanda inauvuta wote nje kwanza, halafu kila picha ukipiga inairudisha ndani ya kikopo, hesabu inashuka 36, 35, 34. Mwaka jana mpwa wangu aliufungua mlango wa nyuma kwa kucheza, nilihisi moyo umesimama, lakini zile nilizokuwa nimepiga zote zilikuwa zimeshaingia kikoponi, nikapoteza tu sehemu iliyobaki.

Ati ikifokasi yenyewe haikosei

Inakosea na inakosea vizuri tu. Niliwasimamisha shangazi zangu wawili mbele ya mlango wa nakshi, mmoja kulia mmoja kushoto, nikabonyeza. Picha ikaja: maua ya mlango unayahesabu moja moja, shangazi wote wawili ukungu. Manake kamera ilitazama katikati, na katikati hapakuwa na mtu. Dawa yake ni kumlenga mmoja usoni, unabonyeza nusu, unashikilia hapo hapo, unairudisha kamera unapotaka, ndipo unamalizia.

Zile ndogo za mfukoni nyingi zinatuma mwali wa infraredi, usioonekana kwa macho, ukigonga kitu unarudi na kamera inajua umbali, ndiyo maana ukipiga kupitia kioo cha basi mwali unaweza kurudi kutoka kwenye kioo na nje kote kukawa ukungu. Kubwa kama yangu zinatafuta tofauti ya weusi na weupe. Lenga kitambaa kitupu cha buibui la mtu gizani uone, lenzi inahangaika mbele nyuma, inaunguruma, haishiki kitu. Mimi nalenga pindo la nakshi, au hereni, inashika.

Ati kama haufokasi mwenyewe si kupiga picha

Hebu njoo usimame kichochoroni wakati punda watatu wanakuja wamebeba mchanga na kijana nyuma anapiga kelele apishwe, mgongo umeubana ukutani, mkono mmoja una kikapu. Una sekunde moja. Uzungushe nini? Konica C35 AF ya 1977 ndiyo iliyotangulia kuuzwa madukani ikifokasi yenyewe, na tangu hapo mtu wa kawaida akapata nafasi ya kumtazama anayempiga badala ya kutazama namba kwenye lenzi. Wewe bado ndiye unayeamua usimame wapi na lini.

Ila mita usiiachie kila kitu. Ukuta wa chokaa, kanzu nyeupe, saa saba mchana, mita inadhani dunia yote ni kijivu kwa hiyo inapunguza mwanga na nyuso zetu zinatoka masizi. Naiambia kamera iongeze mwanga hatua moja (+1), na mkanda wa rangi unavumilia mwanga mwingi kuliko mchache.

Ati kamera ya mkanda haivuji

Hapa naomba mnisikize. Harusi zetu mnazijua, usiku wa wanawake simu zinaachwa mlangoni, watu hawana buibui, wamejipamba, na picha moja ikitoka itafika Dubai kabla biriani haijapakuliwa. Matokeo yake bibi harusi wengine hawana hata picha moja ya usiku ule wakiwa wanacheka. Sasa mama mmoja mtaani kwetu akaniita, mwanangu, hiyo kamera yako haina intaneti? Nikamwambia haina. Akafurahi, akadhani basi hatari imekwisha.

Haijakwisha. Mkanda wa rangi nautuma Nairobi, kuna mtu atauosha, ataziskani, na faili zitakaa kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo usiku wa wanawake napiga nyeusi na nyeupe tu, mkanda wa Ilford HP5 ya 400, na naosha mwenyewe nyumbani. Mfuko mweusi wa kuingiza mikono, tangi, dawa. Shida ni maji, yanatakiwa kama digrii 20 na ya bomba huku ni ya moto, basi naweka chupa ya dawa kwenye beseni la barafu na kipimajoto ndani, nangoja. Negativu nampa mama mtu mkononi, kila kipande, mimi sibaki na kitu. Ule usiku wa kwanza alizishika kwenye taa ya jikoni, alipomuona bintiye alinyamaza muda mrefu.

Ati mkanda umekufa, na ati lazima ununue zile maarufu

Mikanda ya Kodak bado inatengenezwa Rochester, Marekani. Pentax walitoa kamera mpya ya mkanda 2024, Pentax 17, kama dola 500, na hiyo umbali unauweka mwenyewe! Ile Olympus mju-II ya 1997 lenzi yake ya 35mm f/2.8 ni nzuri kweli, lakini ukiifunga inasahau kama ulizima flashi, na umeme wake ukifa ni vigumu sana kupata wa kuitengeneza. Ndiyo maana nasema nunua rahisi. Pesa zitakwenda kwenye mikanda, huko hakuna urahisi.

Ukienda kununua beba betri zako, yangu inakula CR2 mbili. Fungua nyuma utazame pazia la shata, zile EOS za mwisho wa miaka ya 80 zina sponji inayoyeyuka na kuacha madoa kama lami. Mulika lenzi na tochi pia, ukiona utando kama wa buibui mdudu ni kuvu, na kwa unyevu wetu huu utaongezeka tu.

Mikanda miwili ya Jumapili bado iko kwenye friji kando ya maziwa, nangoja barafu igande.