Maziwa hayaondoi vumbi la mbao kifuani

Kwa muda mrefu umekuwa ukizunguka, katika makundi ya simu ya mafundi seremala wa Mtwara na Lindi, ujumbe usemao kwamba anayekunywa glasi ya maziwa baada ya kupiga randa hahitaji barakoa, kwa kuwa maziwa husafisha vumbi kifuani. Si kweli. Maziwa hupita kwenye umio hadi tumboni, ilhali vumbi laini hufuata njia ya hewa hadi mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani chini ya koo. Kinachowachanganya watu ni kwamba maziwa hulainisha koo lililokauka, hivyo kikohozi hutulia kidogo.

Vumbi la mpingo au mvule linaweza kumletea fundi mzio, yaani macho kuwasha, mafua yasiyokwisha, vipele mikononi na shingoni penye jasho, hata pumu. Mzio huo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi ya kazi, kwa hiyo hoja ya "mimi nimeshazoea" haina msingi. Angalia kama dalili hupungua siku za mapumziko na kurudi ukirejea karakana, kisha mweleze daktari aina ya mbao unazopasua.

Kinga halisi ni barakoa ya kuchuja vumbi inayobana uso vizuri (kitambaa hakitoshi), kupiga msasa mahali penye upepo, na kunyunyiza maji kabla ya kufagia. Tafadhali msiusambaze tena ujumbe huo, na aliyekutumia mweleze kwa upole, hasa kama anafundisha vijana, kwani ndio hupewa msasa kutwa nzima.