Makaburi ya Wayahudi kule Saint Martin, Morisi: yanayosemwa na yaliyotokea

Magharibi mwa kisiwa cha Morisi, ndani ya makaburi ya Kikristo ya Saint Martin, kuna sehemu yenye mawe yaliyochongwa maandishi ya Kiebrania. Mgeni akiyaona hudhani zamani palikuwa na kijiji cha Wayahudi.

Hapakuwa. Waliolala pale walikuwa wakimbizi kutoka miji kama Vienna, Prague na Danzig. Waliwakimbia Wanazi kwa kushuka mto Danube, wakapanda meli kuukuu, Atlantic. Makaa ya mawe yalipoisha baharini, walibomoa mbao za meli yenyewe ili injini isizime. Walifika Haifa Novemba 1940. Waingereza, watawala wa Palestina wakati huo, wakasema hawana kibali. Desemba wakaondolewa kwa nguvu, na tarehe 26 watu wapatao 1,580 wakafikishwa Morisi.

Wengine husema, "Angalau walipewa hifadhi." Kauli hii huniuma. Walifungiwa katika gereza la Beau Bassin: wanaume kwenye seli, wanawake na watoto kwenye mabanda ya bati, ukuta katikati. Mume na mkewe, hawana kosa, hawakuruhusiwa kuishi pamoja. Masharti yalilegezwa baadaye, watoto wakazaliwa humo humo, lakini lango halikufunguliwa hadi 1945. Karibu miaka mitano, bila hata mmoja kufikishwa mahakamani!

Wapo pia wanaodhani waliozikwa pale waliuawa na Wanazi. La. Zaidi ya 120 walifia kizuizini, wengi kwa homa ya matumbo na malaria. Baadhi walishuka melini wakiwa tayari wagonjwa.

Na yale mawe madogo juu ya makaburi? Si uchafu wala dalili ya kutelekezwa, tafadhali usiyafagie. Kwa desturi ya Kiyahudi anayezuru kaburi huweka kijiwe badala ya maua, kuonyesha kwamba amefika na amemkumbuka marehemu.

Ni kweli ndugu wa kuwazuru hawakubaki. Agosti 1945 wengi wa walionusurika walipanda meli kurudi Haifa, wakawaacha wafu wao. Wayahudi wa Afrika Kusini ndio waliobeba jukumu la kuyatunza makaburi hayo, na tangu 2014 kikanisa cha zamani pale pale makaburini ni makumbusho ya wafungwa wale. Vijiwe vipya bado huonekana juu ya makaburi.